Siti ya dereva inateleza ukifunga breki: kubadilisha reli bila kuchomelea

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina Toyota ist ya 2004, modeli NCP60, naishi Tabata, Dar. Siti ya dereva imeanza kuteleza mbele nikifunga breki kwa nguvu, na nikiondoka kwa kasi inarudi nyuma. Ukiitikisa kwa mkono unaona upande wa handibreki haushiki. Fundi wa kwanza amesema anichomelee reli isitembee tena, maana gari naendesha peke yangu. Wa pili anataka ninunue siti nzima. Je, naweza kubadilisha reli tu? Na ni kazi ya kufanya mwenyewe nyumbani?

JIBU: Nzuri, ndugu yetu. Tuanze na lisilosubiri: gari hilo liegeshe mpaka siti itengenezwe. Kuteleza mbele kunatisha, lakini kurudi nyuma ndiko kubaya zaidi. Siti ikirudi ghafla ukiwa unapanda daraja la Ubungo, mguu unaacha breki na mikono inavuta usukani. Usijaribu kuizuia kwa kipande cha mbao wala kwa kamba. Mwite fundi aje nyumbani, vifaa vya kazi hii vinaenea kwenye begi la mgongoni.

Kuhusu maswali yako mawili: ndiyo, reli hubadilishwa bila kununua siti, mradi ziwe zimefungwa kwa bolti kwenye fremu ya siti. Na ndiyo, mtu makini mwenye soketi nzuri anaweza kuifanya mwenyewe kwa saa mbili au tatu. Ila kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha kwamba reli ndiyo mbovu. Siti nyingi zinazopelekwa kwa fundi kwa tatizo hili hazina reli iliyokufa.

Kinachoishikilia siti

Chini ya siti kuna reli mbili, ya ndani upande wa handibreki na ya nje upande wa mlango. Kila reli ina vipande viwili: cha chini kimefungwa sakafuni kwa bolti mbili, cha juu kimeshika fremu ya siti na kinatembea juu ya gololi au roli ndogo zilizo katikati yao. Kwenye kila reli kuna safu ya meno au matundu, na ulimi wa chuma unaosukumwa na springi kuingia humo. Ule mkono wa mbele unaounyanyua unazitoa ndimi zote mbili kwa pamoja. Ukiuachia, springi zinazirudisha.

Pande zote mbili lazima zishike. Upande mmoja ukishika na mwingine ukawa huru, siti inakaa mshazari, na ulimi unaofanya kazi peke yake unabanwa kwa pembeni na kulika haraka. Kwa hiyo ukisema upande wa handibreki haushiki lakini siti inateleza yote, maana yake upande wa mlango nao umeanza kuruka meno.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: kile kishikio unachochomekea mkanda kimefungwa kwenye siti yenyewe, upande wa ndani. Ajali ikitokea, mwili wako unavuta mkanda, mkanda unavuta kishikio, kishikio kinavuta siti, na siti imeshikwa na ndimi hizo mbili. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu viti vya magari, inataka siti pamoja na loki zake zihimili mshtuko wa angalau mara 20 ya nguvu ya uvutano kwa sekunde 0.03. Kwa siti ya kilo 15 peke yake, hiyo ni sawa na kuvutwa na uzito wa kilo 300, bila kumhesabu dereva.

Kwanza pima

Zima gari, rudisha siti nyuma kabisa, chukua tochi. Toa kapeti za juu, hasa zile nene za plastiki zinazopanda hadi chini ya siti, kwani mara nyingine ndizo zinazoubana mkono usishuke wote. Kisha chungulia ndani ya mfereji wa kila reli kutoka mbele na kutoka nyuma. Vinavyopatikana humo ni sarafu, vizibo vya soda, kalamu, mbegu za ubuyu, na mchanga. Sarafu moja ya shilingi 100 iliyolala chini ya ulimi inatosha kuufanya usizame kwenye jino. Vuta vitu hivyo kwa koleo jembamba, piga brashi, kisha nyonya mchanga kwa mashine ya kufagilia. Ukipuliza kwa kompresa peke yake unausukuma mchanga kwenye gololi.

Baada ya hapo kaa, inua ule mkono wa siti, sogea, uachie. Sikiliza. Mlio unaotakiwa ni mmoja mkali, pande zote kwa wakati mmoja. Ukisikia upande mmoja unagonga na mwingine kimya, mwombe mtu amulike upande ulio kimya wakati wewe unainua na kuachia mkono. Kama ulimi haujongei kabisa, angalia springi: imekatika au imechomoka kwenye ndoano yake. Kama unajongea nusu, tazama chuma kinachounganisha pande mbili. Hiki hupinda kirahisi kwa sababu abiria wa nyuma huegemeza miguu chini ya siti, au mtu anavuta mkono kwa hasira siti ikiwa imekwama. Kwenye gari zinazotumia waya badala ya chuma, waya huchoka au hutoka kwenye kibanio chake.

Ulimi ukizama vizuri lakini siti bado inacheza, shika siti kwa mikono miwili uitikise huku mwenzako ameweka kidole pale reli ya chini inapokutana na sakafu. Reli ikicheza juu ya sakafu, tatizo ni bolti zilizolegea. Hilo ni jambo la dakika kumi, na ni la kawaida kwenye gari ambalo kapeti zake zilitolewa kuoshwa kisha bolti zikarudishwa kwa kukazwa nusunusu. Reli ikiwa imetulia sakafuni ila kipande cha juu kinacheza juu ya cha chini, gololi zimekwisha. Mchezo wa milimita moja au mbili ni wa kawaida, ukifika nusu sentimita si wa kawaida.

Reli inahukumiwa kubadilishwa kwa mambo manne: meno yamelika yakawa ya mviringo badala ya kona kali, ulimi umepinda, reli yenyewe imepinda, au kutu imekula chuma mpaka kinamomonyoka. Kwa Dar hiyo ya mwisho si ya kupuuza. Hewa ya chumvi peke yake huchukua muda mrefu, lakini gari lililowahi kuingiwa na maji bondeni, Jangwani kwa mfano, na kapeti ikaachwa ikauke yenyewe juu ya sifongo lake, huoza reli kutoka chini wakati siti juu inang'aa. Inua kona ya kapeti unuse. Pakiwa na harufu ya uvundo, jiandae kukuta bolti nazo zimeganda.

Kwa nini tunasema usichomelee

Fundi wa kwanza hakukudanganya kwamba siti haitatembea. Itakaa. Tatizo ni kinachobaki baada ya moto. Chuma cha reli ni chembamba na nguvu yake inatokana na jinsi kilivyotengenezwa kiwandani. Kikichomelewa, sehemu iliyo pembeni ya weldi inabadilika tabia: ama inalainika au inakuwa kavu inayokatika bila kupinda kwanza. Weldi inaweza kustahimili miaka ya breki za kawaida kisha ikaachia siku ya mgongano. Pili, juu ya moto huo kuna sifongo na kitambaa, chini yake kuna kapeti na waya, na kwenye baadhi ya gari kuna eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka ajali ikitokea) ya ubavuni ndani ya mgongo wa siti. Umeme wa mashine ya kuchomelea unaopita kwenye bodi unaweza pia kuua kompyuta za gari kama betri haijatolewa.

Tatu ni hili la kuendesha peke yako. Siku ukimpa gari mdogo wako mfupi, ama atakosa pedali au atakaa ukingoni mwa siti akiukumbatia usukani. Umbali unaoshauriwa kati ya kifua na kitovu cha usukani wenye eabegi ni angalau sentimita 25, na siti iliyochomelewa inampa kila mtu umbali wako wewe.

Kuna weldi moja tu inayokubalika kwenye kazi hii, nayo tutaifikia.

Kununua: jozi, reli peke yake, au siti nzima

Reli hununuliwa mbili. Usikubali upande mmoja hata kama mwingine unaonekana mzima. Reli iliyotumika miaka 20 na iliyotoka gari lingine haziwezi kushika kwa usawa, na chuma cha kuunganisha hakitazinyanyua ndimi zote kwa wakati mmoja. Nunua jozi iliyotoka siti moja, ikiwa na mkono wake, springi zake, kava zake za plastiki, na ikiwezekana bolti zake.

Hapa ndipo fundi wako wa pili anapokuwa na hoja. Gerezani na Shauri Moyo utakuta siti nzima za ist zilizotolewa kwenye gari za mtumba kutoka Japani, na mara nyingi muuzaji hapendi kuivunja siti ili akuuzie reli, kwa kuwa itakayobaki haiuziki. Ulizia bei za njia zote mbili katika maduka mawili au matatu. Tofauti ikiwa ndogo, chukua siti nzima, toa reli, na sifongo lake utalitumia kama lako limebonyea. Lakini usiifunge siti hiyo yote kwenye gari kabla ya kulinganisha plagi za chini. Siti yenye eabegi ya ubavuni ikiwekwa kwenye gari lisilo nayo haikulindi chochote. Ikiwa ni kinyume chake, taa ya eabegi itawaka kwenye dashibodi na haitazimika. Kuhamisha reli peke yake kunakuepusha na hayo.

Muuzaji anaweza kukuambia "ya Vitz inaingia." Ni kweli ist ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, imejengwa juu ya jukwaa moja (muundo wa chini wa gari) na Vitz ya kwanza, Platz, Funcargo, bB na Probox. Kuwa na jukwaa moja si kuwa na reli moja. Urefu wa miguu ya reli na mahali pa matundu vinaweza kutofautiana, na hata ndani ya ist, siti yenye mkono wa kupandisha juu ina fremu tofauti na isiyo nao. Kabla ya kwenda, pima kwa futi kamba: umbali kati ya bolti ya mbele na ya nyuma kwenye kila reli, na umbali kati ya reli na reli, mbele na nyuma. Piga picha za chini ya siti. Beba pia kadi ya gari, na upige picha kile kibati cha modeli kilicho ndani ya boneti. Zile herufi zinazofuata baada ya NCP60 zinaweza kumsaidia muuzaji kutambua toleo la gari lako. Muuzaji akisema tundu litatanuliwa kidogo, ondoka.

Na kumbuka siti unayoitaka ni ya kulia. Ya kushoto huonekana pacha wake, lakini reli ya ndani na ya nje zimebadilishana nafasi, na kishikio cha mkanda kitaangukia mlangoni.

Dukani, fanya hivi bila haraka hata kama muuzaji ananuna. Weka reli zote mbili juu ya kigae au kioo kilichonyooka: zisiyumbe. Zisogeze mwanzo hadi mwisho, zisikwame katikati, maana reli inayokwama sehemu moja tu mara nyingi imetoka kwenye gari lililogongwa. Zifunge kwenye angalau sehemu tano tofauti na uzivute kwa nguvu. Mulika meno. Tafuta rangi mpya ya kupuliza iliyofunika kutu, na alama za weldi. Kama ni siti nzima, tazama mshono wa ubavuni upande wa mlango. Ukiwa umechanika kwa ndani kwenda nje, eabegi ililipuka, na siti hiyo ilikuwa kwenye ajali.

Reli mpya huagizwa kwa wakala wa Toyota kwa namba ya chesesi. Bei itakushtua ukilinganisha na thamani ya gari, lakini kwa mtu ambaye kila jozi ya mtumba aliyoiona ina kutu, ndiyo njia iliyobaki.

Kazi yenyewe

Vifaa: soketi ya 14 yenye pembe sita, racheti na kiungio kirefu, spana ya 10 ya betri, bisibisi bapa iliyofungwa utepe, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza, kwa njutonimita), msasa laini, grisi nyeupe ya litiamu, mafuta ya kulegeza kutu, na boksi kubwa la karatasi la kutandika. Kwenye Toyota ndogo bolti nne za sakafuni karibu zote ni za soketi 14. Ile ya kishikio cha mkanda inaweza kuwa 14 au 17. Soketi ya pembe 12 iache nyumbani, ndiyo inayokula vichwa vya bolti zenye kutu.

Jioni ya kabla ya kazi, puliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti zote nne. Ncha za bolti mara nyingi hutokeza chini ya gari, kwa hiyo puliza na huko pia.

Kuhusu betri. Kama chini ya siti yako kuna plagi ya njano, hiyo ni ya eabegi au ya kikaza mkanda (kinachouvuta mkanda ukubane ajali ikitokea), na hapo hakuna mjadala: toa ufunguo, ondoa terminali hasi, subiri angalau sekunde 90 ndipo uiguse plagi. Kompyuta ya eabegi ina akiba ya umeme inayobaki baada ya betri kutolewa. Kama hakuna plagi ya njano na kuna waya mwembamba tu wa taa ya mkanda, bado toa betri. Tahadhari moja: kama gari lina redio ya Kijapani yenye ramani, baadhi ya redio hizo zikikosa umeme hugoma na kudai kadi yake ya ramani au namba ya siri. Wengi waliozinunua hawana chochote kati ya hivyo. Hakikisha una kadi hiyo kabla ya kuchomoa, la sivyo utaendesha bila muziki.

Siti yenye mota ni kinyume kidogo: isogeze kwanza upate bolti zote, ndipo uchomoe betri.

Toa kile kilalio cha kichwa, kitakuzuia mlangoni. Rudisha siti nyuma kabisa, toa kava za mbele kama zipo, legeza bolti mbili za mbele. Peleka siti mbele kabisa, chomoa kava za nyuma kwa bisibisi, toa bolti mbili za nyuma. Kava hizi kwenye gari la umri huo zimekauka na vibanio vyake vinakatika vikivutwa kwa juu. Sukuma kibanio kwa pembeni kwanza. Ikiwa siti imekwama katikati na bolti hazifikiki, tumia kiungio chenye shingo inayopinda, au fungua zile bolti zinazoshika fremu juu ya reli na uondoe siti ukiziacha reli sakafuni.

Bolti ikigoma, usiongeze urefu wa mpini kwa bomba mara moja. Ikaze kidogo kwanza, kisha ilegeze, rudia huku ukipuliza mafuta. Nati zake zimechomelewa chini ya sakafu, na ikiachia, bolti itazunguka bila kutoka. Hii ndiyo ile weldi inayokubalika: fundi bodi anarudisha nati kwenye sakafu, siti na kapeti vikiwa nje, betri imetolewa, na mabomba ya breki na mafuta yanayopita karibu yamekingwa.

Bolti zikishatoka, laza siti nyuma, chini utaona plagi. Bonyeza kifungio chake, vuta plagi yenyewe, usivute waya. Kuanzia hapo mpaka plagi zirudi, ufunguo usiwashwe, kwani ukiwasha, kompyuta itaandika hitilafu na taa itabaki. Tandika kitambaa juu ya kizingiti cha mlango. Siti ina kilo 15 hadi 20 na reli zake zinakwangua rangi, kwa hiyo itoe ikiwa imeinama, mgongo ukitangulia.

Ilaze kifudifudi juu ya boksi. Piga picha nyingi: jinsi springi zilivyoshikwa, upande ambao ndoano inatazama, njia ya waya. Hapa ndipo utakapojua kama una bahati. Reli zikiwa zimefungwa kwenye fremu kwa bolti au nati, utazitoa. Zikiwa zimepigwa ripiti au zimechomelewa kiwandani, unahamisha fremu yote ya chini ikiwa na reli zake, yaani unavua sifongo na kitambaa na kuvivisha fremu nyingine. Usitoboe ripiti ili uweke bolti ya kununua dukani.

Kishikio cha mkanda, kama kimefungwa kwenye reli au fremu unayoiondoa, kihamishe na bolti yake yenyewe. Hiyo ni bolti ngumu kuliko za kawaida, na kwenye Toyota hukazwa kwa njutonimita 42.

Usizichomoe reli mpya vipande viwili ili uzisafishe. Gololi zitatawanyika na hutazirudisha zote. Zisafishe kwa brashi na msasa zikiwa zimeungana, kisha paka grisi kiasi cha punje ya harage kwenye kila mfereji na uitembeze mara kumi. Futa iliyotoka nje. Kwenye meno na ndimi usipake kitu kizito. Oili chafu ya injini, ambayo mafundi wengi huipenda kwa kuwa ni ya bure, inanasa mchanga, na ndani ya miezi michache unakuwa umejitengenezea msasa.

Kulinganisha: hapa ndipo wengi wanapoharibu

Kabla ya kufunga reli kwenye siti, zipeleke zote mbili kwenye mwisho wa mbele, kisha zirudishe kwa idadi ile ile ya meno, zifunge. Zikitofautiana kwa jino moja, siti itakaa mshazari kwa sentimita moja au zaidi, na upande mmoja utakataa kushika kila mara. Funga bolti za fremu kwa vidole, unganisha mkono na springi, zijaribu zikiwa bado juu ya boksi, ndipo ukaze.

Rudisha siti garini, unganisha plagi mpaka zilie, anzisha bolti zote nne kwa mkono, angalau mizunguko mitatu kila moja. Bolti inayogoma kwa vidole imeingia kombo, na ukiilazimisha kwa racheti unaua nyuzi za sakafuni. Usikaze yoyote kwanza. Rudisha siti nyuma kabisa, kaza za mbele, ukianza na ya ndani. Peleka mbele kabisa, kaza za nyuma. Mkazo kwa Toyota ndogo nyingi ni njutonimita 37. Gari la kampuni nyingine fuata kitabu chake. Mpangilio huu una sababu: ukikaza bolti moja mpaka mwisho wakati siti imekaa vibaya, reli zinakuwa si sambamba, na reli nzuri kabisa itaonekana mbovu. Fundi akikuambia "hii reli uliyoleta ni feki, haishiki," mwambie alegeze bolti nne, aisogeze siti mbele na nyuma mara mbili, akaze upya kwa mpangilio huo. Mara nyingi ugomvi na muuzaji huishia hapo.

Rudisha betri, washa ufunguo. Taa ya eabegi iwake kwa sekunde kama sita kisha izime. Isipozima, zima kila kitu, toa betri, subiri zile sekunde 90 na uzirudie plagi. Ikiendelea, inahitaji mashine ya kupimia. Chomeka mkanda, vuta kwa ghafla, angalia kama taa yake inafuata.

Kisha jaribu loki gari likiwa limesimama. Pita kila jino kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwenye kila moja sukuma kwa miguu bila kugusa mkono. Mweke mtu mzito kuliko wewe akae na arudie. Mwishowe tafuta uwanja mtupu, nenda kilomita 20 kwa saa, funga breki kwa nguvu, mara tatu. Siti isisogee hata jino moja. Usifanyie jaribio hili Barabara ya Mandela, wenye bajaji watakufanyia bila kuombwa.

Baada ya wiki moja rudisha spana ya toki kwenye bolti zote nne. Reli za mtumba zilizofungwa upya kwenye sakafu yenye kapeti huweza kulegea kidogo, na matuta ya Tabata yanaharakisha. Wanaokuoshea gari waambie wasielekeze mpira wa maji chini ya siti, na maji yakiingia, kapeti inuliwe ikauke chini, si juu tu.

Reli za zamani usiziache kwa fundi zikiwa nzima. Kata safu ya meno kwa msumeno wa chuma kabla ya kuziuza skrapa, vinginevyo zitapakwa rangi kisha auziwe mtu mwingine.